Mnyang'anyi Ukutani kwa Babu

Mimi ni mtu ambaye hakuna cha kunishangaza. Nimeyasema haya barazani, nimeyasema kwenye harusi za watu, na sasa nayaandika kwa mkono wangu. Skuli niliiacha darasa la tano Unguja, nikaingia Oman na suruali mbili, moja nimeivaa. Nimeosha magari Sur, nimelala juu ya matairi, nimejifunza kuziba rejeta kwa kumchungulia Mhindi mmoja begani, na leo gereji ya Ibra ni yangu, jengo ni langu, na Landkruza za kukodisha zilizopangwa mbele ya mlango ni zangu, hakuna hata moja ya benki. Nimeona wadi, bonde kavu la mto, ikijaa mafuriko na kushuka na lori zima na ngamia juu yake. Mtu kama huyo utamshangaza na nini? Basi nilishangazwa na kopo la plastiki, lile la mfuniko wa kubana ambalo wanawake hutilia viporo.

Lakini kwanza nyumba. Babu mzaa baba alitoka Ibra angali kijana, akaingia bara ya Afrika, Tabora na mbele ya Tabora, akarudi na mali. Akajenga katika mtaa wa zamani nyumba ya ghorofa tatu, mawe na udongo, boriti zimetoka Afrika kwa jahazi. Kisha akaondoka tena, akazikwa Unguja, na nyumba ikabaki na popo. Nilipokuja mimi, dari zilikuwa zimeanguka na kuta zimesimama. Nikanunua hisa za binamu zangu, mmoja leo mmoja mwakani, mpaka nyumba yote ikawa yangu. Haja nayo sikuwa nayo. Nilitaka tu nikisema "nyumba ya babu", watu wageuze shingo waitazame.

Na kulikuwa na neno likitembea pamoja na nyumba ile. Siku moja tukigombania zamu ya maji ya falaji, mfereji wa mashamba, binamu yangu wa upande wa pili alinitupia mbele ya watu: "Babu yako mali yake aliiokota njiani, juu ya vichwa vya wapagazi wa wenziwe." Maana yake alikuwa akiteka misafara. Nilimpiga kofi, maji yakaniponyoka, na neno likabaki. Marehemu baba nilipomuuliza, alitazama chini akaomba kahawa. Mtu ambaye baba yake hana doa haombi kahawa kwa namna ile. Nikalizika neno lile, nikamwambia mke wangu peke yake.

Miaka ya elfu mbili ilikuwa imekwisha kuingia, simu za mkononi zimefika hata kwa wachunga mbuzi, ndipo binti yangu mkubwa alipoposwa. Na si na mtu wa hivi hivi. Baba wa kijana anakaa Nizwa, wazee wake wa Unguja kama sisi, amesoma, ana cheo serikalini, na Kiswahili chake ni kile cha mjini cha zamani, ukikisikia unajikuta unakaa vizuri kwenye kiti. Sasa kwetu posa haijibiwi siku ile ile, na wao nao hawamalizi siku ile ile. Watu wanauliza. Wanauliza kabila, wanauliza nasaba, wanauliza babu alikuwa nani na alikula vya nani. Wazee wanatumwa wakae msikitini na sokoni, wanywe kahawa, wasikilize. Binti anaweza kuwa na shahada na sura ya mwezi, neno moja juu ya babu likamrudisha chumbani. Na binti yangu alikuwa amempenda kijana yule. Mimi baba siambiwi mambo hayo, lakini mama yake aliniambia.

"Hili likiharibika," alisema, "usije kwangu na jina la mchumba mwengine. Mimi sitompelekea."

Katika siku hizo hizo za kuulizwa, mzee mmoja anayelisha mbuzi kwenye magofu alikuja gereji.

"Sheikh, Wazungu wanakwenda nyumbani kwa babu yako."

"Watalii hao. Waache."

"Si watalii. Wana kimashine mkononi, wanakitazama kama mtu aliyechelewa anavyotazama saa. Wanazunguka mpaka ukuta wa nyuma, wanachutama, wanacheka, wanakwenda zao."

"Wanachukua nini?"

"Hawachukui kitu. Wanaandika."

Hilo la kuandika ndilo lililoniinua kitini. Anayeiba unamjua, unamfukuza, unamkamata. Anayeandika anapeleka wapi?

Nikaenda peke yangu baada ya adhuhuri, watu wamelala na jua limekaa juu ya vichwa vya kuta. Ukuta wa nyuma, chini ya tundu la boriti, niliona jiwe limekaa kama meno ya bandia. Fundi ni fundi. Nilijua limetolewa na kurudishwa mara nyingi. Nyuma yake kopo. Ndani ya kopo kulikuwa na kijiwe kilichopakwa rangi ya dhahabu, nikakiuma, ni kokoto. Mnyama wa plastiki aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Kidaftari kilichojaa majina na tarehe kwa hati za kila namna, kila mtu na saini yake. Na karatasi iliyobanwa ndani ya plastiki isipate unyevu. Juu ya karatasi ile mwanamume amechorwa, ndevu mpaka kifuani, bastola mkononi, farasi nyuma yake, na kichwani pake neno moja la Kiingereza ambalo halihitaji skuli. Sinema zote za makauboi nilizoziona utotoni Unguja zilikuwa nalo, limepigiliwa mtini: mtu huyu anatafutwa. Chini yake tarakimu za zawadi.

Picha ya babu haipo, hakuna aliyepata kumpiga. Tunachojua juu ya sura yake ni ndevu.

Niliketi vumbini na kanzu yangu nyeupe.

Kiingereza changu ni cha spana. Naweza kumuuzia Mwingereza klachi na akanishukuru, lakini karatasi ile ilijaa maandishi madogo kama sisimizi. Nimpe nani anisomee? Binti yangu anakisoma kama maji, naye ndiye mwari mwenyewe. Fundi wangu Mmalabari anasoma, lakini ulimi wake hufika Mudhaibi kabla chai haijapoa. Basi nikatumia akili, na akili ile mpaka leo najivunia. Nikachagua maneno yaliyoandikwa kwa herufi nene, nikanakili kila neno kwenye kipande chake cha risiti, na kila kipande kikapata mtu wake. Asipate yeyote maneno mawili yanayojuana.

Fundi nilimpa lake nikiwa nimelichanganya na maneno ya kwenye dumu la oili. Akasoma ya oili yote, kisha akakwama kidogo, akaniita arbab, yaani bosi, kama kawaida yake. "Hili, arbab, ni kundi la wezi. Oili gani hii?"

Mfamasia wa Kisudani nikamwambia nimeliona kwenye sanduku la dawa. "Kuvamia watu njiani," alisema, akanitazama. "Dawa ya nini?"

Muuza vito wa soko la Nizwa hakuwa na la kuuliza, alinionyesha bango lake mwenyewe: dhahabu. Na karani mmoja Mudhaibi, mtu mpole, aliliangalia lake, akajishika shingo. Kunyongwa.

Kilibaki kipande kimoja. Nikampa fundi siku nyengine. "Hii nchi, arbab. Kondoo wako wa Idi anatoka huko, Australia." Nikajua ndiko ilikochapwa karatasi, kama rejeta zinavyoandikwa zilikotengenezwa. Kipande hicho nikakikunja nikakitupa.

Kundi la wezi, kuvamia njiani, dhahabu, kunyongwa. Nilivipanga vipande juu ya meza, na kidaftari pembeni, na sasa nikaelewa zile saini. Wale walikuwa wajukuu wa walioibiwa. Au mawakili wao. Kila mmoja anakuja, anaiona nyumba kwa macho yake, anatia jina.

Mke wangu alinisikiliza huku akichambua mchele.

"Wazungu nao walikuwa na misafara huko Tabora?"

"Walikuwapo. Wamishenari, wapelelezi, wote walipita."

"Basi hawa wamechelewa mno."

"Mzungu hachelewi, mwanamke. Mzungu anaandika."

Akaacha kuchambua. Hapo nilijua hofu yangu imempata na yeye.

Kopo nililipeleka gereji, nikalisukuma chini ya pipa la oili chafu. Nilidhani nimemaliza, kumbe ndio nimewachokoza. Walipokuwa wakilipata, walikuja, wakacheka, wakaondoka. Walipolikosa, wakaanza kutafuta. Mzee wa mbuzi akawa analeta habari kama redio: leo wawili wanachokonoa kuta kwa fimbo, leo wanne wamelala kifudifudi, mmoja kaingiza mkono mpaka bega katika tundu la njiwa. Nikamwita mwashi, akaziba mlango wa nyuma na matundu yote kwa matofali ya saruji. Nyumba ya udongo, nyumba ya heshima, ikavaa viraka vya kijivu. Watu wakaniuliza ninaficha nini. Nikasema nyoka.

Simu ikilia, naona Nizwa. Nikiwakuta wazee wamekaa kivulini wameinamiana, nasema moyoni, wamo katika babu. Siku moja nilipeleka gari kwa mteja Sur, na nje ya mji, juu ya jabali, nikawaona Wazungu wawili na kimashine kile kile, wanainua mawe. Nikazima injini nikabaki na mikono kwenye usukani. Sur nako alifanya nini?

Kisha akaja shangazi yangu, yeye ndiye aliyekuwa akienda na kurudi baina ya nyumba mbili.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Futa jasho, nakuletea kheri. Mahari riali elfu nne wameitikia, hawakupunguza hata baisa. Limebaki moja. Mzee wa Nizwa, baba wa kijana, atakuja Ijumaa kunywa kahawa, na anataka kuiona nyumba ya babu yako."

"Ya nini kuiona? Gofu lile."

"Gofu leo. Siku ya kwanza ulimkalisha mgeni wa watu, tende zimemkaukia mkononi, unamwambia ghorofa tatu, boriti za Afrika, mlango wa kupita ngamia na mzigo wake. Ulimi wako ndio uliomwalika, mwanangu, si mimi."

Nilimwambia binti mwenyewe hizo elfu nne siku ile ile, mbele ya mama yake na mashangazi, kwa sababu nilitaka mtu mmoja nyumbani mwangu alale kwa raha.

Ijumaa mzee alifika baada ya sala, bakora mkononi, kilemba kimepigwa vizuri. Tulikula, tukanywa kahawa, nikamjazia kikombe kila alipokitikisa kukataa. Nikaeleza habari za injini. Nikaeleza habari za matairi. Mwisho akasema kwa upole, "Hebu tukaione hiyo nyumba, tumbo lishuke." Niliendesha kwa njia ndefu kuliko zote za Ibra, shangazi amekaa nyuma, na nikawa naomba njiani: wasiwepo leo tu.

Walikuwapo. Bibi wa Kizungu, mtu mzima, kofia pana, magoti yake vumbini, na mumewe mwekundu kama tofali amesimama na kimashine mbele ya saruji yangu kama mtu aliyekuta duka limefungwa.

Mzee aliwasalimu kwa Kiingereza. Bibi akainuka, akajipangusa, wakaanza kuzungumza, na yule bibi alikuwa mzungumzaji. Nilisimama pembeni. Kila neno nililolitafuta kwa taabu, moja Nizwa, moja Mudhaibi, nililisikia likimtoka kinywani limeshikana na wenziwe: kundi la wezi, dhahabu, kunyongwa. Akaonyesha ukuta. Akaonyesha kidole shingoni. Mzee akatikisa kichwa polepole, akanigeukia.

"Bibi huyu anasema ana mnyang'anyi wake humu ukutani, naye amepotea. Anamuuliza mwenye nyumba."

Nilikuwa nimepanga la kusema juu ya nyoka. Lililotoka ni jengine.

"Mwenye nyumba ni mimi, sheikh, na mnyang'anyi ni babu yangu. Aliteka misafara, watu wamesema tangu zamani na baba yangu hakukanusha. Lakini mtoto hana kosa. Baba yangu hakuokota hata tende ya mtu, na mimi kila spana yangu nina risiti yake. Kama wanadai, waambie nitalipa. Posa tu isiguswe. Binti yangu anamtaka kijana wako."

Shangazi alijifunika mdomo kwa ukaya. Mbuzi mmoja alipita katikati yetu.

"Umemaliza?" mzee aliniuliza.

"Nimemaliza."

"Basi kaa kivulini, uso wako umekuwa mweupe. Mnyang'anyi wa bibi huyu ni wa Australia."

Akanieleza, na alieleza taratibu, kama mtu anayemvisha mtoto viatu. Bibi na mumewe wanafanya kazi Sur. Kuna mchezo umetoka: mtu anaficha kopo mahali, anatangaza kwenye intaneti vipimo vya mahali pale, na wengine wanakuja na kimashine kinachosoma setilaiti kulitafuta. Wakilipata wanatia saini, wanaacha kichezeo, wanarudisha. Hakuna zaidi. Naye bibi alipenda kuficha historia ya kwao. Zamani, Australia ilipokuwa koloni la Waingereza, wafungwa walikuwa wakitoroka na minyororo, wakaingia porini, na baada yao watoto wa mafukara, wakawa wanateka magari ya farasi yaliyobeba dhahabu kutoka machimboni. Kila mnyang'anyi alimpa mahali panapomfaa. Aliyelala mapangoni kamweka juu ya Al Hamra. Aliyefichwa na wakulima kamweka katika migomba ya Birkat al Mauz. Waliojifulia nguo za chuma kwa majembe ya kulimia, risasi zisipite, kawaweka Sur kwenye jabali. Na huyu wangu, kazi yake ilikuwa kuvamia majumba. Anamfungia tajiri ndani pamoja na wageni wake, kisha anawaamuru wale, wanywe na wacheze, kwa gharama ya tajiri.

"Ndiyo maana akatafuta jumba la tajiri," mzee alisema. "Hakujua lina mwenyewe. Anaomba radhi."

"Na hawaoni haya? Wezi wao kuwatangaza?"

"Ngoja nimuulize."

Akamuuliza. Bibi akacheka, akaeleza kwa mikono miwili, na mzee akawa anatafsiri huku sharubu zake zikicheza. Babu mzaa babu wa bibi huyu aliletwa Australia na minyororo. Yeye amepekua makaratasi ya serikali miaka kwa miaka, akitumaini atamkuta ameteka japo gari moja la dhahabu. Alipogundua kuwa aliiba jora la kitambaa tu, alihuzunika.

Hapo ndipo mimi, mtu wa kutoshangaa, niliposhangaa. Nikamtazama mwanamke mzima, mwenye akili zake na kazi yake, anayesikitika kwa sababu mwizi wa kwao ni mdogo.

Akauliza neno jengine, macho yananitazama mimi.

"Anasema," mzee akasema, "na wako, aliteka misafara kweli? Yeye mwenyewe?"

Alikuwa ananionea gere, wallahi.

Tulikwenda gereji kulichukua kopo. Kidaftari kilikuwa kimenyonya oili, majina ya watu wa dunia nzima yameogelea. Bibi hakukasirika. Mzee alichukua kalamu, akatafuta ukurasa mkavu, akatia saini yake pale, herufi za Kiarabu zilizonyooka. Kisha akaniaga, akarudi Nizwa, na juu ya binti yangu hakusema kitu.

Ile hofu ya mwanzo ilikuwa mchezo. Zamani niliogopa watu watasema. Sasa nilikuwa nimesema mwenyewe, kwa sauti, mbele ya mkwe, bila ya kuulizwa. Binamu yangu wa falaji kwa miaka yote hakupata ushahidi, nikamletea mimi. Mke wangu hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Binti alipita na sinia la chai, akaliweka, akaniuliza, "Baba, wamesema nini?" Nikamwambia wamesafiri.

Jumatano shangazi alikuja moja kwa moja kutoka soko la wanawake, kapu bado liko mkononi. Hakungoja nimwamkie.

"Wamekubali."

Mke wangu alikaa chini pale pale mlangoni.

"Ngojeni, sijafika mwisho. Mzee kasema, nami nakuletea neno lake kama lilivyotoka: mwambieni mkwe wangu mtoto tumemtaka na tunamtaka, ila mahari ni elfu mbili na mia tano, na mjukuu wa mzee yule tafadhali asituteke njiani."

Nilifungua mdomo. Mimi ni mtu wa biashara, hakuna aliyewahi kunipunguzia bei nikanyamaza. Mke wangu alinitazama kutoka pale chini, na mdomo ukajifunga wenyewe.

Lakini binti alikuwa amekwisha kuambiwa elfu nne, na mashangazi wote wakiwapo. Mahari ni yake, si yangu, nami sikuweza kumwambia kwamba thamani imeshuka kwa ajili ya babu yangu, mtu aliyekufa kabla mimi sijazaliwa. Zilizopungua nikazitia mimi katika bahasha ile ile, usiku wa akidi, na hajui mpaka leo. Akisoma hapa atajua. Sasa ana watoto wanne, hawezi kunirudishia.

Kopo limerudi ukutani. Nilimruhusu bibi kwa sharti kwamba wanaokuja wapite gereji kwanza wanisalimu, na wengi wanapita, na wakiniuliza nyumba ya nani nawaambia: ya babu yangu, alikuwa akiteka misafara. Wanapiga picha na mimi.

Matofali na mwashi wa kuziba, riali themanini na sita. Kuyabomoa na kuukarabati ukuta kwa saruji ya zamani ya udongo wa kuchomwa, kama ulivyokuwa, mia mbili na kumi na tano. Katika bahasha ya binti, elfu moja na mia tano. Kidaftari kipya cha bibi, baisa mia tatu. Jumla riali elfu moja mia nane na moja, na baisa mia tatu.